Kupiga Picha na Kupigwa Picha: Mpiga Picha, Mji Wake na Suala la Tsavo

1. Utangulizi

Mtu anayetoka kwake amevaa nguo za sikukuu na kuelekea studio husema kwa Kiswahili kwamba anakwenda kupiga picha. Hatashika kamera wala hataingia chumba cha giza. Atakaa kitini, atainua kidevu kama alivyoelekezwa, atalipa na kurudi baada ya siku kadhaa kuchukua bahasha yake. Hata hivyo atasimulia kwamba alipiga picha, na hapana msikilizaji atakayemsahihisha. Mwenye sura na mwenye kamera wote wawili ni watendaji wa kitenzi kimoja. Tembo wa porini, kwa upande mwingine, hapigi picha, hupigwa tu. Hali kadhalika mpita njia aliyenaswa na kamera ya mgeni bila ya kuulizwa.

Tofauti hiyo baina ya kupiga na kupigwa, ambayo wanasarufi huipita haraka kwa kuiona ndogo, ndiyo msingi wa makala haya. Makala yanakusudia kuhakiki namna mbili za upigaji picha katika Afrika Mashariki. Ya kwanza ni ile iliyoifanya nchi ya Taita Taveta, hususan Tsavo, ijulikane duniani. Ya pili ni ile ya mpiga picha wa mji, anayefanya kazi yake mtaani kwake, kwa wateja atakaokutana nao tena kesho sokoni. Mfano mkuu wa namna hii ya pili utakuwa Ranchhod Oza wa Unguja (1907–1993). Mwishoni makala yatarejea Voi na kuuliza mji huo umebakiwa na nini.

Huenda ikasemwa kwamba picha si fasihi, na kwamba idara ya lugha haina haki ya kuihakiki. Hoja hiyo haina nguvu. Picha ina mtunzi na hadhira, ina mandhari na mtazamo, na zaidi ya yote ina uteuzi: kila kilichoingizwa ndani ya fremu kimeacha kitu kingine nje. Mhakiki aliyezoea kuuliza riwaya inasimuliwa na nani, kwa niaba ya nani, hapotei njia anapoiuliza picha swali hilohilo.

2. Tsavo iliyochukuliwa

Taita Taveta iliingia katika macho ya ulimwengu kwa njia ya reli. Mwaka 1898 mhandisi Mwingereza J. H. Patterson alifika mto Tsavo kujenga daraja, na mwezi wa Desemba mwaka huo akawaua simba wawili waliokuwa wakiwala wafanyakazi wa reli. Kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, kilitoka mwaka 1907 kikiwa na picha alizopiga mwenyewe. Humo mna kambi, mna daraja, mna simba aliyekwisha kuuawa. Simba anazo siku zake za kufa zilizoandikwa. Ana vipimo vya mwili wake. Ana sura mbili tatu zinazomhusu. Waliokufa je? Patterson aliandika kwamba Wahindi wasiopungua 28 waliliwa, na kwamba Waafrika walioliwa, ambao walikuwa makumi, hawakuwekewa kumbukumbu yoyote rasmi. Wataita waliotajwa katika kitabu hicho wametajwa kama kabila miongoni mwa makabila ambayo msafiri huyaona njiani.

Jambo la kutiliwa maanani hapa si ukatili wa mtu mmoja. Patterson hakuwa mwandishi mbaya, na ushujaa wake hauna haja ya kubishiwa. Jambo lenyewe ni mpangilio wa masimulizi. Katika hadithi hii wahusika wakuu ni wawili: mzungu na mnyama. Wenyeji na vibarua ni mandhari, kama miba na vumbi. Ngozi za simba hao nazo hazikubaki. Zilikaa kwa Patterson kwa miaka mingi kama mazulia, kisha katika miaka ya 1920 zikauzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambako simba hao walitengenezwa upya na kusimamishwa watazamwe.

Yako maneno mengine yanayosikika sana Kenya badala ya kupiga picha, nayo ni kuchukua picha. Walimu wengi wa lugha huyakemea kwa kuwa ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kukemewa huko ni kwa haki, lakini kwa habari za Tsavo msemo huo unasema kweli kuliko wasemaji wake wanavyodhani. Picha zilichukuliwa, na vilivyopigwa picha vikachukuliwa vilevile.

Hali haikubadilika sana baada ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo kuanzishwa mwaka 1948. Mmarekani Peter Beard (1938–2020) alitoa kitabu chake, The End of the Game, mwaka 1965, na mwaka 1977 kikatolewa tena kikiwa na picha za tembo waliokufa kwa njaa Tsavo. Ukame wa 1970 na 1971 uliwaua tembo kwa maelfu. Kabla ya hapo mwanasayansi Richard Laws alikuwa ameshauri kwamba tembo wapunguzwe kwa bunduki, na David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki ambaye makao yake yalikuwa Voi, alipinga akitaka maumbile yaachwe yajitawale. Beard alipanda ndege na kuipiga picha mizoga kutoka juu. Mizoga imelala juu ya udongo mtupu, kila mmoja ukiwa na kivuli chake, mpaka mtazamaji anasahau ukubwa wa tembo na kuwaona kama nukta.

Kwa upande wa fani, hizi ni picha zenye nguvu isiyokanika. Zilivunja uongo wa picha za kitalii zilizoonyesha hifadhi kama bustani isiyojua kifo. Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, dosari ya Patterson imerudi kwa sura nyingine. Kutoka angani haonekani mtu. Haonekani Mwaata, ambaye uwindaji wake wa upinde uligeuzwa kuwa uhalifu, na ambaye wengi wa jamaa zake walitiwa jela katika operesheni ya kupambana na uwindaji haramu iliyoendeshwa Tsavo mwaka 1956 na 1957. Haonekani mkulima wa Sagalla, ambaye mpaka wa hifadhi unapita karibu na shamba lake. Hifadhi hizi zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Picha zake zimechukua karibu nafasi yote ya jina la nchi hiyo katika vitabu vya dunia.

Yako matukio ya nchi hiyohiyo ambayo kamera hizi hazikuyajali. Mwaka 1915, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni hadi upande wa Malindi, kwa tuhuma kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wengi walikufa ugenini, na waliosalia walikaa miaka ipatayo ishirini kabla ya kurudi mlimani kwao. Wakati huohuo reli ya kijeshi ilikuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Reli na vita vimepata nafasi yao katika maandishi. Uhamisho wa Kasigau umeishi zaidi katika vinywa vya watu.

3. Oza na Mji Mkongwe

Mwaka 1930 Ranchhod Oza, mtu mwenye asili ya Gujarat ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika studio ya Gomes, alifungua studio yake Unguja. Aliiita Capital Art Studio. Aliifanyia kazi mjini humo kwa zaidi ya nusu karne, na mwanawe, Rohit Oza, aliyezaliwa mwaka 1950, akaurithi ufundi huo na duka katika Mtaa wa Kenyatta.

Maisha ya kazi ya mpiga picha wa aina hii hayafanani na maisha ya msafiri. Sehemu kubwa ya siku yake ilikuwa gizani. Baada ya mteja kuondoka, filamu iliingizwa katika dawa, ikasafishwa kwa maji, ikaanikwa ikauke. Kisha karatasi ya picha ikaangaziwa, ikalowekwa, na sura ikajitokeza polepole chini ya taa nyekundu. Palikuwapo na kazi ya kalamu na brashi: kuondoa kovu la chunjua, kuitia shavu rangi, kuinyoosha kanzu iliyokunjamana. Kazi hizi zilihitaji mikono isiyotetemeka na macho mazima. Zilihitaji pia maji safi na mahali pasipo na vumbi, na katika kisiwa chenye joto na unyevu wa bahari hayo yote ni mapambano ya kila siku.

Riziki haikutokana na sanaa kubwa. Ilitokana na picha za pasipoti na vitambulisho, na maarusi, na watoto waliofikisha mwaka. Mteja hupiga picha kwa sababu anaitaka iende mahali: kwa mchumba, kwa mzazi aliye bara, kwa kaka aliyeko ng'ambo. Mpiga picha hujua habari za mji kabla ya wengi, maana wanaosafiri na wanaooana hupitia kwake. Oza alimpiga picha Sultani na shughuli za kasri lake, na alimpiga picha pia mtu asiye na cheo aliyekuja na senti zake. Wote wawili walikaa mbele ya kamera ileile.

Mapenzi yake kwa mji yanaonekana zaidi alipotoka nje ya studio. Picha zake za miaka ya 1950 zinauonyesha Mji Mkongwe ukiwa katika mwendo wake wa kawaida, na katika nyingi baiskeli inajitokeza. Mtafiti Pamila Gupta amezifanyia picha hizo za baiskeli uchambuzi wa pekee, naye ana haki. Baiskeli ndiyo kipimo cha mji huo: vichochoro vyake vimekataa motokaa, navyo vinampokea mwendesha baiskeli anayejua pa kuinamisha kichwa na pa kupiga kengele. Mgeni akitafuta Unguja ya vitabu hutazama milango iliyonakshiwa. Mwenyeji huiona baiskeli iliyoegemezwa mlangoni, na anajua kwamba aliyeiegemeza yumo ndani anakunywa kahawa. Picha ya mlango inaeleza ufundi wa seremala aliyekufa. Picha ya baiskeli inaeleza kwamba mji unakaliwa.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wengi wenye asili ya Uarabuni na Uhindini waliondoka, kwa hofu au kwa kufukuzwa. Oza alibaki. Mhakiki hana idhini ya kuingia moyoni mwa mtu na kutangaza sababu zake, lakini anaweza kusoma matokeo. Studio iliendelea kufunguliwa. Wateja walibadilika na walio madarakani walibadilika, na kumbukumbu ya mji haikukatika pale ambapo utawala ulikatika. Hazina ya filamu iliyokusanywa na mtu mmoja ina Unguja ya kabla na ya baada, na mtazamaji anayezipanga picha hizo kwa miaka anaona jambo ambalo hotuba za pande zote mbili huficha: kwamba watu walewale waliendelea kuoa, kuzaa, na kutaka wapendeze mbele ya kamera.

4. Lamu na Mombasa

Oza hakuwa peke yake. Huko Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) aliianzisha Bakor Studio na kujijengea sifa kwa picha za kuunganisha: alikata sura ya mteja na kuitia ndani ya kitu ambacho mtu hawezi kuingia, redio ikiwa mojawapo. Mombasa, N. V. Parekh alianza kazi ya studio katika miaka ya 1940 na kuiendeleza kwa miongo kadhaa. Mtafiti Isolde Brielmaier ameonyesha jinsi wateja wa studio za Mombasa, Waswahili na Waarabu, Wahindi na watu wa bara, walivyozitumia picha kujionyesha kuwa watu wa mji.

Kinachowaunganisha mafundi hawa watatu ni makubaliano. Mteja wa Bakor anayetaka kutokeza ndani ya redio ameitunga picha hiyo pamoja na fundi. Bila ya utashi wake, na bila ya mzaha anaoufurahia, picha haipo. Hapo ndipo usemi wa Kiswahili unapopata uzito wake. Mteja alikwenda kupiga picha, na kweli alipiga.

5. Pingamizi na mipaka yake

Uhakiki usiojipinga wenyewe ni sifa tupu. Kwanza, yaweza kudaiwa kwamba picha za studio ni za uongo: saa imeazimwa, pazia la nyuma limechorwa, na mteja haishi kama alivyokaa. Dai hilo ni sahihi, lakini halina uzito linaodhaniwa kuwa nao. Uongo wa studio ni uongo ambao mhusika mwenyewe ameuchagua, na kwa hiyo ni ushahidi wa kweli wa alichokitamani. Picha ya mzoga kutoka angani haisemi uongo hata chembe, lakini haielezi matamanio ya yeyote aishiye Voi.

Pili, ipo hoja ya tabaka. Studio ni biashara. Asiye na fedha hakuingia, na mwenye kasri aliingia mara nyingi zaidi kuliko mchukuzi. Hivyo hazina ya Oza si mji mzima. Ni mji uliomudu bei. Hoja hii ni nzito, wala haijibiwi kwa maneno matamu. Picha za mitaani hupunguza dosari hiyo, lakini haziifuti.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, picha za Oza zenyewe zilikuja kuuzwa dukani kwa watalii kama ukumbusho wa Zanzibar ya zamani. Picha iliyopigwa kwa ajili ya jamaa inaondoka kisiwani ndani ya begi la mtu asiyemjua aliyemo. Kwa hiyo kupiga kunaweza kugeuka kuwa kuchukua, hata baada ya miaka hamsini, hata bila ya nia mbaya. Maana ya picha haikai ndani ya karatasi peke yake. Hukaa baina ya karatasi na mtu awezaye kusema, huyu ni fulani bin fulani, na siku ile alikuwa ametoka kwenye harusi ya dada yake.

6. Voi

Katika Taita, kabla ya kamera, palikuwa na desturi ya kuhifadhi nyuso za wazee kwa njia nyingine. Baada ya muda mzee aliyezikwa alifukuliwa, na fuvu lake likawekwa pamoja na mafuvu ya jamaa zake katika pango la ukoo mlimani. Wageni wengi wameyaona mapango hayo kama ajabu ya kutisha. Kwa kweli palikuwa mahali pa mazungumzo: jamaa walikwenda hapo wakijua nani ni nani, na wakati wa shida walisema na wazee wao. Thamani ya pango ilikuwa katika ujuzi wa walio hai. Fuvu lisilojulikana na mtu ni mfupa.

Mfano huu unaiangazia hali ya Voi leo kuliko nadharia nyingi za kigeni. Voi ni mji wa njia panda. Reli ya zamani, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, njia ya Taveta, mashamba ya katani, na tangu mwaka 2017 reli mpya, vyote vimeleta watu na kuwaondoa. Mji wa namna hiyo hupiga picha nyingi, kwa kuwa anayeondoka huacha sura yake na anayefika hutuma yake nyumbani. Picha hizo haziko katika jumba la makumbusho. Ziko majumbani: katika albamu zenye kurasa zilizogandana, katika bahasha za studio zilizofungwa zamani, chini ya nguo katika masanduku. Nyuma ya chache pameandikwa tarehe kwa kalamu ya wino. Nyuma ya nyingi hapana kitu.

Mtalii anayeitafuta Tsavo atapata maktaba nzima. Mtoto wa Voi anayetaka kuona stesheni ilivyokuwa babu yake alipoajiriwa hana pa kuanzia ila sandukuni mwa bibi yake, na bibi huyo ana umri mkubwa. Upungufu huu hautokani na ukosefu wa picha. Unatokana na kwamba maelezo ya picha yamebaki katika vinywa vya watu ambao hakuna aliyewauliza.

Hapa ndipo idara za lugha zinapoingia kwa haki kamili. Mzee anayeshika picha na kuieleza hutoa matini ya fasihi simulizi yenye kanuni zake. Huanza kwa jina, hufuata nasaba, kisha mavazi, kisha tukio, na aghalabu humalizia kwa habari ya nani amekufa. Mzee wa Kidawida au wa Kisagalla hubadilisha lugha katikati ya maelezo: ukoo huutaja kwa lugha ya nyumbani, kazi ya reli kwa Kiswahili. Mabadiliko hayo peke yake ni somo la isimujamii. Wanafunzi wamefundishwa kurekodi methali, vitendawili na nyimbo. Hawajafundishwa vya kutosha kurekodi maelezo ya picha, ingawa picha zinaharibika kwa unyevu na mchwa, na wasimulizi wake hawangoji.

7. Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba ubora wa mpiga picha haupimwi kwa ukali wa lenzi yake tu, wala kwa umbali aliosafiri. Patterson na Beard waliipiga Tsavo picha ambazo dunia haitazisahau, na katika picha hizo nchi ya Wataita haina wenyewe. Oza alizunguka vichochoro vilevile kwa miaka zaidi ya hamsini, akawapiga picha watu aliowajua, na akabaki pale ambapo wengine waliondoka. Mapenzi yake kwa mji hayakuwa maneno. Yalikuwa kazi ya kila siku, maji na dawa na taa nyekundu, na mlango uliofunguliwa asubuhi.

Voi haihitaji Patterson mwingine. Inahitaji mtu wa kukaa na bibi huyo siku nzima, kutazama naye picha moja moja, na kuandika kwa penseli nyuma ya kila moja jina alilolitaja, kwa tahajia aliyoikubali yeye mwenyewe.